Nilipoandika Minyoo Mara Tatu

Mashine yetu ya kuhesabu chembe za damu ilipokufa, wenzangu wa maabara walilalamika wiki nzima. Mimi nilivuta stuli, nikafuta lenzi za hadubini, nikawaambia waniletee kazi. Kuhesabu kwa macho ndiko nilikoanzia, na sioni haya kusema kwamba Sumbawanga nzima sikumwona wa kunishinda. Watu wa Mbeya tunasemwa kwamba tuna maringo. Wengine wanasingiziwa, mimi hapana.

Kazi yenyewe ni hivi. Unamtoboa mtoto kidole, unachukua tone la damu, unaliweka kwenye kioo na kulivuta kwa ukingo wa kioo kingine mpaka libaki utando mwembamba. Likikauka unalimwagia rangi, unasubiri, unaosha. Halafu unaingia kwenye hadubini kutafuta chembe nyeupe, zile zinazoulinda mwili, unahesabu mia moja na kila aina unaitilia alama kwenye safu yake. Aina ziko tano. Moja inaitwa eosinofili, na hiyo huwezi kuichanganya na nyingine hata ukiwa na usingizi, maana imejaa punje nyekundu kama kifuko kilichotiwa ulezi. Kwa mtu mzima wa afya unakutana nazo mbili, tatu, nne katika mia. Zikipita kumi, ujue mwili una ugomvi na kitu.

Chuoni tulifundishwa kwamba zinaongezeka kwa minyoo, na zinaongezeka pia kwa pumu na aleji. Nilijibu swali hilo kwenye mtihani nikapata. Lakini chuo ni chuo. Nilipohamishiwa huku nilipokea watoto wa Wampembe, kule ziwani, waliokulia majini, na watoto wa huku juu wanaoshinda kwenye matuta peku tangu mvua ya kwanza, na wote wakiwa na eosinofili nyingi nikipima choo nakuta minyoo. Baada ya miaka kadhaa sikuona tena haja ya kungoja choo. Chini ya fomu ya majibu kuna nafasi ndogo ya maoni ya maabara. Wenzangu waliiacha wazi. Mimi niliijaza neno moja, minyoo, kwa ule mwandiko wangu wa kulala ambao walimu walikuwa wakiusifia, kisha nikagonga muhuri. Daktari akiona mwandiko ule hakuuliza zaidi, anaandika dawa, na mtoto anarudi kijijini siku hiyo hiyo. Wengi walipona, na sifa nikapewa mimi.

Basi Juni, asubuhi moja ya ule upepo wetu unaokata masikio, akaingia bibi mmoja na mjukuu wake. Mtoto alikuwa amevalishwa sweta mbili, kofia ya sufu na kitenge juu yake, umebaki uso tu. Alikuwa na miaka kumi na mmoja, darasa la sita, mwembamba, macho hayatulii. Kifua chake nilikisikia kabla sijamwona vizuri. Kilikuwa kinapiga filimbi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wamesema daktari wa damu ni wewe."

Kwetu kila mwenye koti jeupe ni daktari, na sijawahi kumkosoa mtu kwa hilo. Nikamuuliza bibi mtoto ameanza kuumwa lini.

"Ni baridi hii. Kila mwaka ikiingia kifua kinamshika. Nimemhamishia jikoni kwangu, tunalala naye karibu na moto, lakini wapi."

Nilihesabu nikapata kumi na sita. Nikaandika minyoo.

Julai wakarudi, nikapata kumi na tisa. Nikaandika minyoo, na juu yake nikamsema bibi wa watu, kwamba mtoto anatembea peku na hanawi mikono, dawa itafanya kazi gani. Bibi aliinamisha kichwa, akasema atamtafutia viatu. Mtoto alikuwa amevaa viatu. Nilikuja kulikumbuka hilo baadaye nikiwa peke yangu, na mpaka leo uso unanichoma.

Agosti walikuja kwa mara ya tatu, na safari hii nilishtuka. Mtoto alikuwa hawezi kumaliza sentensi bila kusimama katikati kuvuta pumzi. Alikuwa hajaenda shule wiki mbili, yeye ambaye, kwa maneno ya bibi, tangu darasa la pili hajawahi kushika namba mbili. Bibi alikaa kwenye benchi, akanieleza habari yenyewe. Wazazi wa mtoto walishafariki wote wawili. Aliyebaki mwenye sauti ni baba mkubwa, mtoto wa kwanza wa bibi, analima mpunga bondeni, Mtowisa. Alikuwa ametuma ujumbe kwamba Jumamosi anakuja na gari kumchukua mtoto, amteremshe kwenye joto.

"Anasema huku juu patamuua."

"Na wewe unasemaje, bibi?"

"Mimi nimebaki naye huyu tu nyumbani." Akamrekebishia mtoto kofia. "Nitazamie vizuri, mwanangu."

Mtowisa naijua. Joto lipo, tena la kutosha. Lakini barabara ile ya kuteremka bondeni, mvua zikishika, gari linaweza kukwama siku nzima, na kifua kama kile hakiwezi kungoja siku nzima. Nilikaa kwenye hadubini nikijua kabisa kwamba ninachokiandika ndicho kitakachompeleka mtoto au kumbakiza. Nikahesabu. Ishirini na mbili. Na mimi, kichwa ngumu, nikaandika minyoo, herufi kubwa.

Ila hasira zilikuwa zimenipanda. Ilikuwaje minyoo inywewe dawa mara mbili na izidi kunenepa? Nikawaambia safari hii hakuna kurudi kijijini. Bibi alikuwa na ndugu Kizwite, mtaa ninaoishi mimi, nikawaambia walale huko na waniletee choo cha mtoto siku tatu mfululizo. Siku ya kwanza sikuona kitu. Siku ya pili nilimwita mwenzangu atazame na yeye, hakuona kitu. Siku ya tatu niliosha vioo upya, nikatafuta kuanzia kona moja hadi nyingine. Hakuna yai, hakuna mnyoo, hakuna chochote. Nilikasirika, jamani. Nilikikasirikia choo.

Mtoto alikuwa amesimama mlangoni ananitazama.

"Anti, naweza kusema?"

"Sema."

"Dawa za minyoo nimekunywa mara tatu sasa. Kama ilikuwepo, nadhani imeshachoka."

Mwenzangu aligeukia ukutani ili nisimwone anavyocheka. Nikamuuliza mtoto, kwa kejeli kabisa, kama yeye ndiye daktari basi anaona ni nini. Akanijibu kama aliyeulizwa swali darasani, taratibu, akipumzika kati ya maneno.

"Kifua kinaanza tukianza kupura ulezi. Vumbi likipanda nakohoa. Halafu jikoni, bibi akiongeza kuni, kinaziba. Nikikohoa bibi anasema ni baridi, anaongeza kuni."

Bibi alikuwa benchini anatusikia. Akasema, "Sasa ningefanyaje, mwanangu, na baridi hii?"

Nikamuuliza jiko lenyewe likoje. Akanieleza bila kuficha kitu, maana hakuona cha kuficha: chumba kimoja, mafiga matatu, dirisha limezibwa kwa gunia kwa ajili ya upepo, mahindi ya mbegu yananing'inia juu ya moto ili wadudu wasiyaguse, na ulezi uliopurwa uko kwenye magunia pale pale anapolala mtoto. Akikohoa anasogezwa motoni. Akizidi kukohoa anasogezwa zaidi.

Niliinuka nikaenda kwenye sanduku langu la mbao ninamohifadhi vioo vya zamani. Nikavitoa vyake vya Juni, Julai na Agosti, nikavipanga, nikavitazama tena kimoja kimoja. Hesabu zangu zilikuwa sahihi zote. Kumi na sita, kumi na tisa, ishirini na mbili. Zilikuwa zinapanda kadiri mavuno yanavyoingia ndani ya nyumba, na kila zilipopanda niliagiza dawa ile ile, kama bibi na kuni zake. Nilikuwa nimeiona aleji kwa macho yangu tangu Juni, nikaihesabu vizuri kuliko mtu yeyote mjini, halafu nikaibandika jina la kitu kingine.

Nikamshika mtoto mkono mpaka kwa daktari. Ni kijana, alikuwa na miezi michache tu tangu aje. Nikamwekea fomu tatu na majibu ya choo mezani, nikamwambia, "Hii siyo minyoo." Aliziangalia, akanitazama, akaona haya kwa niaba yangu. Alimpima kifua, akamuuliza maswali yale yale ambayo mtoto alikuwa ameshanijibu mimi, kisha akachukua chupa tupu ya maji ya kunywa, akaitoboa chini, akachomeka pampu ya dawa ya pumu kwenye tundu, na mtoto akaweka mdomo kwenye shingo ya chupa. Akavuta. Akavuta tena. Tulikaa robo saa tukimsikiliza, na ile filimbi ikaanza kushuka, ikashuka, mpaka ukawa unaisikia kwa kuitafuta. Kisha mtoto akasema kwamba chupa ile ina harufu ya plastiki na kwamba kama ingekuwa ya soda ingekuwa afadhali, yote hayo kwa pumzi moja. Bibi akaanza kulia. Mimi nilijifanya nasoma bango la chanjo ukutani.

Daktari alieleza kwamba pumu haiishi kama malaria, ila inatawaliwa. Kuna dawa ya kuvuta kila siku, asubuhi na jioni, hata akiwa mzima, na kuna ya kuvuta kifua kikimbana. Alale mbali na moshi. Asipure wala kupepeta. Bibi alisikiliza yote, akaitikia, halafu tulipotoka nje akanishika mkono.

"Mimi nikiyasema haya kwa mwanangu hatanielewa. Njoo Jumamosi uyaseme wewe. Karatasi ni zako."

Nilikwenda. Nilichukua bodaboda, mwendo wa saa moja na vumbi la kutosha, nimevaa gauni langu la kanisani na koti jeupe kwenye mfuko, likihitajika. Nyumbani kwa bibi nilikuta wamekaa uani. Baba mkubwa alikuwa mtu mrefu, mkimya, kofia ameiweka gotini. Tulisalimiana, nikaletewa ugali wa ulezi na maharage, nikala, maana bila kula hakuna kusikilizwa. Kisha nikaeleza. Nilieleza vizuri, kama ninavyojua kueleza: chembe, vumbi, moshi, pampu. Nilipomaliza, akatoa mfuko wa nailoni ambamo bibi alitunza cheti cha ubatizo cha mtoto, na humo akatoa karatasi tatu, zile fomu zangu za majibu. Akazipanga mkekani mbele yangu.

"Mama, mimi sikusoma sana, lakini kusoma najua. Hapa imeandikwa minyoo. Hapa minyoo. Hapa minyoo, tena kwa herufi kubwa. Ni mwandiko wa nani?"

"Wangu."

"Leo umekuja kutuambia moshi. Mwezi ujao utatuambia nini?"

Hakusema kwa ubaya. Hilo ndilo lililoniumiza, kwamba hakuwa na ubaya wowote, alikuwa anauliza tu. Ningeweza kumsukumia daktari, maana ndiye aliyeandika dawa na hakuwepo pale kujitetea. Ningeweza kusema Kiswahili kigumu cha hospitali mpaka wachoke. Nimeyafanya hayo siku nyingine, sitaki kudanganya. Lakini mtoto alikuwa ameegemea mlango wa jiko, anasubiri kujua atalala wapi usiku wa leo.

"Nilikosea, baba," nikasema. "Mara zote tatu. Hesabu zilikuwa sawa, ila maana yake niliibuni kwa kuwa nilijiona najua. Mtoto wenu alikuwa anajua kuliko mimi, na sikumuuliza."

Sifa nimepewa nyingi kazini, vyeti vipo sebuleni kwangu na mgeni haondoki bila kuvitazama. Lakini nikiulizwa kwa dhati ninajivunia nini, ni maneno hayo. Niliyasema mbele ya watu wazima wa ukoo usio wangu, mwandiko wangu ukiwa mkekani, na sauti haikutetemeka.

Baba mkubwa alizikunja karatasi. Akaniuliza kama joto la Mtowisa halitamsaidia. Nikamwambia joto haliondoi pumu, na mpunga nao una vumbi lake. Akasema, "Baridi ya huku naijua mimi." Kisha akatoa uamuzi. Mtoto angebaki mwezi mmoja. Angelala nyumba kubwa, mbali na moto, na dawa angevuta kama ilivyoandikwa. Mwezi ukiisha, yeye atakuja na mtoto apimwe damu ile ile. Zile chembe za punje nyekundu zisiposhuka, anateremka naye bondeni siku hiyo hiyo.

"Na karatasi sitaki," akasema. "Nitatazama mwenyewe."

Mwezi ule nilikuwa mtu wa taabu. Nilijua kwamba kifua chaweza kupona na chembe zikachelewa kushuka, na nilimwambia hivyo daktari, akanijibu kwamba hilo nilipaswa kumwambia baba mkubwa pale pale uani. Kweli, nilipaswa. Kwa bibi nilipata habari kila alipokuja mtu wa kijijini kwao sokoni: mtoto amerudi shule, bibi amehamisha magunia ya ulezi peke yake, gunia moja moja, gunia la dirishani limetolewa, mtoto analalamika nyumba kubwa ina baridi, lakini halali tena ameketi.

Walikuja Jumapili baada ya misa, nikiwa zamu. Gari lilisimama nje, pikapu ya mtu wa Mtowisa anayepeleka bidhaa, na nyuma, juu ya katoni za sabuni, nililiona begi la mtoto limefungwa kamba. Bibi hakuingia. Alikaa kwenye benchi la nje akilitazama lile gari.

Nilimtoboa mtoto kidole, nikatayarisha kioo, nikahesabu kwanza mwenyewe na sikumwambia mtu nilichopata. Kisha nikamkalisha baba mkubwa kwenye stuli yangu, ambayo simpi mtu. Nikamwonyesha jinsi ya kusogeza kioo, nikamwonyesha aina zote tano. Mikono yake ya jembe ilikuwa mizito kwenye vile visukurubu, lakini alikuwa mvumilivu kuliko wanafunzi wengi waliowahi kupita kwangu. Yeye alitaja, mimi nikatia alama, mtoto akasimama begani kwake. Ilichukua karibu saa nzima. Ikipita yenye punje nyekundu anasema tu, "Hii." Tulipofika mia, mimi nilikuwa nimepata nane. Yeye alipata saba, na nikamwachia saba yake.

"Ilikuwa ngapi?" akauliza.

"Ishirini na mbili."

Hakuinua kichwa kutoka kwenye hadubini. Nilidhani anatafuta nyingine.

"Nilikuwa na binti," akasema. "Wakati huo nakaa huku juu. Kifua kilimpigia filimbi namna hii hii. Tukasema ni baridi, tukamlaza karibu na moto. Tulipomzika ndipo nikahamia bondeni."

Nikamwambia la kweli tu, kwamba hawakujua, na kwamba mimi mwenye hadubini na cheti nilikuwa naelekea kufanya hayo hayo kwa huyu. Akatikisa kichwa polepole. Akaniomba nimrudishie kioo pale mwanzo, akatazama tena, bila kuhesabu. Mtoto alimwekea mkono mgongoni.

Kisha akainuka, akavaa kofia, akatoka nje. Nilimwona dirishani akipanda nyuma ya pikapu, akifungua kamba, akishuka na begi mwenyewe. Akaliweka miguuni pa mama yake, akamwambia kitu kwa Kifipa, lugha ambayo miaka yote hii bado inanipiga chenga. Bibi alifungua begi pale pale benchini, akatoa sare ya shule, akaikung'uta, akaitazama kola kwa karibu. Halafu akanigeukia mimi dirishani, akaniuliza kama nyumbani kwangu nina pasi, aipige kabla hawajarudi kijijini, maana kesho ni Jumatatu na mtoto ana shule.